Buti za baridi za kike: namna ya kuzichagua kabla hujatoka Mombasa

Soli ya buti yangu ya kwanza ya baridi ilibaki kwenye ngazi ya basi, huko Ontario, Kanada, mwezi wa Januari. Mimi nilishuka, yenyewe haikushuka. Nilikuwa nimezinunua buti hizo mjini hapa hapa kwetu kwa shilingi 6,500, mpya, ndani ya boksi, karatasi bado zimejazwa puani. Muuzaji hakunidanganya. Zilikuwa mpya kweli, ila zilikuwa mpya kwa miaka mingi, zimekaa rafuni katika joto na unyevunyevu wa pwani, nami sikujua kwamba kuna soli inayooza bila ya kuvaliwa. Kipya kinyemi, wahenga walikwishasema, kingawa kidonda.

Nilimaliza masomo yangu ya miaka miwili kule nikarudi. Tangu hapo, kila msichana mtaani anayepata viza, awe muuguzi, mwanafunzi au bibi harusi anayemfuata mumewe, huletwa kwangu na mamake, buti mfukoni: "Hebu mwangalizie, mwanangu." Ninayoyakuta ni yale yale. Watu huchagua buti kwa kutia mkono ndani. Wakikuta manyoya laini, wameridhika. Sasa Mombasa ikiwa nyuzi 31, kiatu gani chenye manyoya kitakosa kuonekana cha moto? Sisi ambao baridi ya Julai ya kusi yatutoa na sweta, hatuna kipimo cha baridi mwilini. Lakini tuna maji, tuna friji, na tuna ukucha wa kidole gumba. Vitu hivyo vitatu vitakwambia karibu yote unayotaka kujua.

Kwanza, baridi ya wapi?

Ng'ambo si mahali pamoja. London mwezi wa Januari mchana hufika kama nyuzi 8, usiku hushuka hadi 2 au 3. Theluji huko ni ya kubahatisha, mvua ndiyo mwenyeji. Anayekwenda London, Manchester au Dublin asijibebeshe buti za kuendea ncha ya dunia. Anataka buti isiyopitisha maji, yenye bitana nyepesi na soli isiyoteleza kwenye mawe yaliyolowa. Buti nzito itamtoa jasho ndani ya treni, na jasho nalo ni maji.

Toronto na Berlin ni habari nyingine. Huko hali ya hewa hupanda na kushuka kwenye sifuri. Leo theluji, kesho imeyeyuka ikawa uji mweusi uliochanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani, usiku uji huo umeganda. Kwa kiatu, hii ndiyo adhabu kubwa kuliko zote, kwa sababu ndani ya siku moja chalowa, chaganda, na chaliwa na chumvi. Hapo wahitaji vyote viwili, kuzuia maji na joto, na ukilazimika kukosa kimoja, usikose cha maji.

Kisha kuna miji kama Winnipeg, ambako wastani wa Januari ni karibu nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku hushuka zaidi. Theluji ya huko ni kavu kama unga wa muhogo, ukiipangusa yaanguka. Maji si adui wa kwanza tena. Joto na urefu wa buti ndivyo vya kutazama.

Jiulize pia siku yako itakavyokuwa. Anayesimama kituoni nusu saa akingoja basi ahitaji joto kuliko anayetembea mwendo wa haraka, maana mguu unaotembea hujipasha wenyewe. Anayefanya kazi hospitali atabadilisha viatu akifika, kwa hiyo buti zake zahitaji kuvulika upesi. Mwenye gari hatembei sana, lakini siku gari likikwama atajuta kuvaa viatu vya sherehe.

Maji kabla ya manyoya

Kinachokupa joto ndani ya buti si manyoya yenyewe. Ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Maji yakiingia huifukuza hewa ile na kukaa mahali pake, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ndiyo maana buti nyembamba kavu ina joto kuliko nene iliyolowa.

Soma lebo kwa makini. "Waterproof" ni ahadi kwamba maji hayapiti. "Water resistant" ni ahadi ndogo sana: manyunyu yatateremka, lakini ukikanyaga dimbwi umekwisha. Kuna buti nyingi zenye neno hilo la pili lililoandikwa kwa herufi za kupendeza.

Buti ya raba tupu, ile gambuti tunayoijua wakati wa masika, haipitishi maji kabisa. Tatizo lake ni kwamba jasho halipati pa kutokea, wala haina joto. Ni ya kuvaa muda mfupi. Buti ninayoipenda mimi ni ya mchanganyiko: chini raba hadi juu ya vidole na kuzunguka kisigino, juu ngozi au kitambaa kigumu. Uji wa theluji hukutana na raba, na mguu wapumua kupitia juu. Ngozi tupu nayo ni nzuri ikiwa imeshonwa vizuri na inapakwa nta mara kwa mara. Ama zile buti fupi za suedi zenye manyoya ya kondoo ndani, rangi ya tangawizi, wasichana wazipenda sana na ni za moto kweli. Lakini suedi hunywa maji kama mkate wa mofa unavyokunywa mchuzi. Ni za nyumbani na za ndani ya gari.

Kuna buti zenye utando wa ndani usiopitisha maji. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Mmarekani Bob Gore mwaka 1969. Ni plastiki iliyovutwa ikawa na matundu madogo mno: mvuke wa jasho hupita, tone la maji halipiti. Utando huu hukaa kati ya ngozi na bitana, huwezi kuuona. Buti ikiwa ya mtumba, haitoshi kuona jina lake kwenye lebo, kwa maana utando ukishatoboka ndani, jina hubaki pale pale nje.

Kwa hivyo tazama milango ya maji. Wa kwanza ni ulimi. Uvute mbele uone kama umeshonwa pande zote mbili na sehemu ya juu ya buti, au unaning'inia kama ulimi wa raba za shule. Kidole chako kikipita ubavuni mwa ulimi kikaingia ndani, maji nayo yatapita. Wa pili ni zipu. Zipu nyingi hazizuii maji, kwa hivyo nyuma yake pawe na kipande cha ngozi au raba kilichoshonwa, na zipu ianzie juu ya kifundo cha mguu, si chini karibu na soli. Wa tatu ni pale buti inapokutana na soli: bana kwa vidole gumba viwili na utenganishe kidogo, ukiona mwanya hata wa unene wa uzi, rudisha. Wa nne ni mikunjo ya vidoleni, ambako ngozi hupasuka kwanza. Washa tochi ya simu, kunja buti, chungulia.

Ukifika nyumbani, jaribio ni moja tu. Jaza buti karatasi za shashi zilizo kavu. Tia pakiti ya unga ya kilo 2 ndani ya mfuko wa plastiki, iweke ndani ya buti ili isielee. Isimamishe kwenye beseni, maji yafike chini kidogo ya kifundo cha mguu. Iache dakika 20, kila baada ya muda ikandamize na kuikunja vidoleni, kwa sababu buti nyingi hazivuji zikisimama, huvuja zikitembea. Toa karatasi moja moja. Karatasi iliyolowa itakuonyesha mahali hasa penye tundu, na hapo ndipo utakapompelekea fundi, au utakapoamua kwamba buti hiyo ni ya kumpa jirani anayelima.

Soli: friji na ukucha

Hapa ndipo nilipoumizwa, nivumilie nikirefusha.

Soli za buti aghalabu ni za vitu vitatu. Raba, ambayo ni nzito kidogo na hunyumbuka. PVC, plastiki ngumu ya bei rahisi inayong'aa. Na PU, yaani poliyurethani, povu jepesi ambalo mara nyingi huwekwa katikati, kati ya mguu na raba ya chini. PU ni laini kukanyagia na ndiyo inayozifanya buti zisiwe nzito. Lakini ina ugonjwa wake. Unyevu wa hewa huila taratibu kutoka ndani, na joto huongeza kasi. Baada ya miaka kadhaa povu lapoteza nguvu, lawa kama kitumbua cha juzi, siku utakayolikanyagia lasagika. Si lazima kiatu kivaliwe. Kukaa tu kwatosha. Fikiria basi buti iliyotengenezwa mbali, ikapakiwa kontena, ikashushwa Kilindini, ikakaa stoo bila hewa miaka minne kwenye unyevu wa mji uliozungukwa na bahari.

Jaribu hivi. Bonyeza povu la katikati kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi, vizuri. Ukucha ukiacha shimo, au povu likinata, au ukiona nyufa nyembamba kama za kauri ya zamani, iache hata kama waambiwa ni bure. Kisha ishike buti kwa mikono miwili, ikunje kwa nguvu mara 20, usimwonee haya muuzaji. Soli iliyooza hujitangaza hapo hapo, utaona vumbi au punje.

Baada ya ukucha ni friji. Friza ya nyumbani huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na hiyo ni baridi halisi ya Kanada iliyopo jikoni kwako. Funga buti ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ilaze humo usiku mzima. (Mifuko miwili, tafadhali, hasa ikiwa friza ni ya kuwekea samaki. Hutaki kushuka uwanja wa ndege wanukia papa.) Asubuhi itoe, ikunje papo hapo. Raba nzuri itakunjika kwa ugumu kidogo tu. PVC itakuwa kama ubao. Soli iliyokuwa ubao haishiki barafu, itateleza kama kigae, na ikikunjwa kwa nguvu yaweza kupasuka. Hakuna muuzaji, hakuna lebo, na hakuna mtaalamu wa intaneti atakayekupa jibu lililo wazi kama la friza.

Meno ya soli yawe na kina na yaachane, ili theluji isigandie ndani. Lakini usidanganyike na meno makubwa kama ya tairi la trekta. Kwenye theluji yasaidia. Kwenye barafu iliyo wazi, ulaini wa raba ndio unaoshika. Kisigino kiwe kifupi na kipana. Kwa wanaokwenda Kanada, watafiti wa taasisi ya KITE mjini Toronto hujaribu buti juu ya barafu halisi ndani ya maabara yenye mteremko, na matokeo yao hutolewa bure kwa jina la Rate My Treads. Buti inayoshika mteremko wa nyuzi 7 hupewa alama ya kipande kimoja cha theluji. Ukiona wametoa alama moja, usiidharau: buti nyingi walizojaribu hazikupata hata hiyo.

Siku za barafu tupu hata buti njema hushindwa. Kule huuzwa mipira yenye vimisumari au vijiminyororo, unaivisha juu ya buti na kuivua ukifika mlangoni. Uivue kweli, maana juu ya marumaru ya dukani vimisumari hivyo vyateleza kuliko barafu yenyewe.

Joto, na hizo gramu zilizoandikwa

Ndani ya buti utakuta maandishi kama "Thinsulate 200 g" au 400 g. Hizo si gramu za uzito wa kiatu. Thinsulate ni jina la sufi ya kiwandani, na gramu hizo ni uzito wake katika kila mita moja ya mraba ya bitana. Nyingi zaidi, joto zaidi. Kwa baridi ya London 200 yatosha na kubaki. Toronto au Berlin tafuta 200 hadi 400. Kwa Winnipeg, au kwa anayesimama nje muda mrefu, 400 kwenda juu.

Sufu ya kondoo halisi hupita sufi nyingi za kiwandani, kwani hubaki na joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Halisi utaitambua kwa kuipanua kwa vidole: nyuzi zaota kwenye ngozi. Ya bandia yaota kwenye kitambaa kilichofumwa, utaona mistari. Buti nyingine zina kiatu kizima cha sufu iliyoshindiliwa ndani, kinachotoka chote. Zikikupitia hizo, zichukue. Jioni ukikitoa, ukakianika, asubuhi ki kavu.

Ama zile namba za nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri zilizopigwa muhuri kwenye boksi, kila kiwanda hujipimia kwa njia yake, na aghalabu humfikiria mtu anayetembea. Mimi hutoa nyuzi kumi: iliyoandikwa 30 naihesabu 20.

Baridi kubwa hupandia chini. Toa sakafu ya ndani ya buti uiangalie: ikiwa ni sponji nyembamba, mwombe fundi akukatie nyingine ya sufu iliyoshindiliwa, ila kumbuka itakula nafasi.

Kipimo cha mguu

Pima jioni, miguu ikiwa imevimba na joto la mchana, ukiwa umevaa soksi nene utakazovalia kule. Simama juu ya karatasi, chora, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Soksi ziwe za sufu au mchanganyiko wake. Pamba, ambayo hapa ndiyo tunayoisifu, kule huweka jasho na kukugandisha vidole.

Namba ya Uingereza 5 ni karibu 38 ya Ulaya na 7 ya Marekani ya kike. Kanada hutumia namba za Marekani. Viwanda hutofautiana, kwa hivyo amini sentimita kuliko namba. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita moja, na uweze kuvichezesha vidole vyote. Buti ya kubana ni baridi kuliko kubwa, kwani huishindilia bitana ikakosa hewa, na damu haifiki vidoleni. Kisigino kisipande unapotembea. Ikiwa mguu wako ni mpana na buti za kike zakubana, jaribu za kiume: toa moja na nusu kwenye namba ya Marekani, 8.5 ya kike ni karibu 7 ya kiume. Na mwenye mguu mdogo asidharau buti za wavulana. Ni zile zile, bei ya mtoto.

Mambo yetu sisi

Mwongozo ulioandikwa huko ng'ambo hautakwambia kuhusu buibui. Pindo likiburura kwenye uji wa theluji hunywa maji hadi magotini, kisha hukumiminia ndani ya buti. Buti iwe na urefu wa kufika katikati ya muundi, na pindo lipunguzwe lifike juu kidogo ya kifundo, buti ifunike palipobaki. Pima na unene wa muundi wako: kaa kitini, funga zipu mpaka juu, kidole kimoja kiingie. Ukivaa suruali nzito ndani utahitaji viwili.

Udhu. Mara tano kwa siku hutaki kupambana na kamba za mashimo kumi na sita kwenye choo cha chuo. Tafuta yenye zipu ya ubavuni, kamba ziwe za pambo. Anayefuata madhehebu ya Shafi ajua pia hukumu ya kupangusa juu ya khuffu, yaani viatu vya ngozi vya kufunika mguu, badala ya kuosha miguu: zivaliwe ukiwa na udhu kamili, zifunike vifundo, zisipitishe maji, mkaazi siku moja na usiku wake, msafiri siku tatu. Jinsi hukumu hiyo inavyoingia kwenye buti, na unapozivua itakuwaje, kaa na ustadhi wako kabla ya safari.

Bitana nalo litazame. Viatu vingi vina bitana la ngozi ya nguruwe, laini na rahisi. Viatu vinavyouzwa Umoja wa Ulaya hubeba kibandiko chenye michoro, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994: umbo la ngozi iliyotandazwa ni ngozi, wavu ni kitambaa, almasi ni plastiki na vinginevyo. Kibandiko kitakwambia bitana ni ngozi, hakitakwambia ya nani. Ngozi ya nguruwe huijua kwa vinyweleo: matundu yake hukaa matatu matatu, kama pembe tatu ndogo. Tochi ya simu yatosha.

Kununua

Ushauri wangu ni huu: nunua hapa buti moja ya kufikia, nzuri ya kukuvusha majuma ya kwanza, na ile ya kudumu ununue kule ukishaonja hewa. Mwishoni mwa Februari na Machi maduka ya kule huteremsha bei, wenyeji wamechoka na baridi.

Ya kufikia, mimi huitafuta kwenye mitumba ya soko la Kongowea. Huvuka Nyali asubuhi mapema, kabla jua halijawasha mabati, belo, yaani marobota ya mitumba, zinapofunguliwa. Watu hushangaa kwamba soko la mji wa joto lina buti za theluji, lakini belo hazichagui: zinatoka nchi za baridi na kila kitu chao. Na kwa kuwa wateja wake hapa ni wachache, bei husikilizana. Ile iliyonimalizia Ontario salama niliichukua humo kwa shilingi 1,800 nilipokuja nyumbani likizo.

"Mama, hiyo kamera, haijavaliwa," kijana aliniambia. Kamera kwao ni mtumba wa daraja la kwanza.

"Haijavaliwa, mwanangu, na kisigino kimelika upande?"

Alicheka, akashuka kutoka elfu tatu. Kisigino kilicholika upande mmoja, kwa kweli, si kasoro kubwa, fundi hukisawazisha. Kasoro ni buti iliyopinda mwili wote kwa mwendo wa mwenyewe wa kwanza, maana itakupindisha na wewe. Mtumba pia una faida ambayo dukani hakuna: soli iliyovaliwa na bado ni nzima imeshajaribiwa. Beba chupa ya maji, umwagie matone kwenye mishono huku ukiikunja. Maji yakisimama kama shanga, endelea kuzungumza bei. Harufu ya kuvu isikukimbize, lakini harufu ya kuvu pamoja na bitana linalobanduka ikukimbize. Na usinunue kwenye fagia, yale mabaki ya mwisho ya belo. Buti moja ya kulia na nyingine ya namba tofauti nimeziona kwa macho yangu zimefungwa pamoja kwa kamba.

Fundi wa mtaani anaweza kubadilisha zipu, kushona soli kuizunguka, na kuziba mwanya kwa gundi. Hawezi kurudisha utando uliotoboka wala soli ya PU iliyooza. Akikwambia aweza, msalimie uende zako.

Mpaka siku ya kuondoka

Usizinunue mwaka mzima kabla. Mwezi mmoja au miwili yatosha. Ngozi ipake nta ya nyuki, hasa mishononi, uianike kivulini penye joto ili nta izame. Usiiache juani mchana, gundi italegea. Zihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa juu ya kabati, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokausha unyevu. Usizifunge kwenye plastiki. Zivae nyumbani kila siku nusu saa, feni ikiwa juu yako. Buti ikikuuma, ikuume hapa ungali na fundi.

Safarini zisiingie kwenye sanduku kubwa. Sanduku likipotea Addis Ababa au Frankfurt, utatoka nje kwa champali. Zitie kwenye mkoba wa mkononi, soksi zimejazwa ndani yake. Angani miguu huvimba, kwa hivyo kaa na viatu vyepesi, uvae buti kabla ndege haijatua.

Ukifika, chumvi ya barabarani itachora mistari meupe kwenye ngozi jioni ya kwanza tu. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo kabla haijala. Buti zikilowa usiziweke juu ya kipasha joto, ngozi itakauka ipasuke na gundi iachie. Toa sakafu ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe kabla ya kulala. Asubuhi tia mkono mpaka puani. Pakiwa na unyevu bado, zipumzishe siku hiyo uvae nyingine, na kama huna nyingine, badilisha magazeti tena uondoke na basi la pili.